Povu la Kisima cha Bi Semeni

Amour alipohamia Kigombe alikuja na pikipiki, madeli mawili ya kubebea pweza, na uso laini kuliko wa mwanamume mwingine yeyote kijijini kwetu. Kwao ni Wete, Pemba. Kabla ya hapo alikuwa amepanga chumba Ngamiani, Tanga mjini, na kila asubuhi alikuja kwetu kununua pweza, akawakimbiza mjini kabla barafu haijayeyuka. Katika huko kwenda na kurudi ndipo alipomwona Tausi, binti wa Bi Semeni. Akaposa, akakubaliwa, na baada ya harusi wakaambiwa wakae kwa mama, katika chumba cha uani, mpaka nyumba yao wenyewe iezekwe.

Huyo Amour alikuwa na jambo lake moja: alinyoa kila siku. Hakwenda kwa kinyozi. Alinyoa mwenyewe, kwa mashine yake ya chuma ya wembe wa kubadilisha, brashi ya manyoya, na kipande cha sabuni ndani ya kikombe cha bati. Kidevuni aliacha vindevu vichache akavichonga vizuri, lakini mashavu na shingo alivitaka viwe kama yai lililomenywa. Tausi hakuficha kwamba jambo hilo lilimsaidia sana kuikubali posa.

Asubuhi ya kwanza ukweni alichota maji kisimani, akaegemeza kioo kwenye ukuta wa uani, akaanza kusugua brashi. Povu likainuka kidogo, likalala. Akaongeza sabuni, akasugua mpaka mkono ukachoka. Alichopata ni kitu cha kijivu kama maziwa yaliyokatika, kimegandia pembezoni mwa kikombe. Akajipaka hivyo hivyo. Wembe ukapita shavuni ukikwaruza, kama mtu anayepara magamba ya samaki. Alipotoka alikuwa na vipande vya karatasi vimebandikwa usoni kuzuia damu. Bi Semeni akamtazama mkwewe, akamtazama binti yake, akaingia jikoni bila kusema neno.

Asiyenyamaza alikuwa Uweso, jirani, mvuvi ambaye ulimi wake hufanya kazi hata siku ambazo nyavu zimelala. Walipokutana msikitini alimuuliza Amour kama bibi harusi ana kucha ndefu, au kama ndani wanafuga paka.

Siku zilivyokwenda, hali ikazidi. Shingoni pakatoka vipele. Mashine ikaanza kuota ukoko mweupe kwenye mdomo wake, na wembe mpya ukawa butu kabla haujazoeana na uso. Amour akaamini ameuziwa sabuni ya bandia. Akaenda dukani kwa Asheri, Mbondei wa Muheza aliyefungua duka karibu na mnada wa samaki, akaiweka sabuni juu ya meza na kumwambia kwa adabu, lakini kwa sauti ya kusikika na wateja, kwamba bidhaa hii haitoi povu.

Asheri ni mtu mpole, ila kwa heshima ya duka lake hana mzaha. Hakubishana. Alifungua chupa ya maji ya kunywa aliyokuwa nayo, akamwagia mikono yake, akaisugua ile ile sabuni. Povu likajaa viganjani, likadondoka mezani, likaingia kwenye mizani.

"Sabuni yangu haina neno," alisema. Kisha akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Maji ya pale kwa mama mkwe wako ni magumu. Lakini miye sikusema."

Asheri alikuwa na sababu ya kushusha sauti. Kisima cha Bi Semeni kilichimbwa na marehemu mumewe, Mzee Abass, peke yake, kwa mtaimbo, ndani ya mwamba wa matumbawe mgumu kama chuma. Watu walimwambia hatapata maji. Akayapata, tena ya baridi, matamu kinywani, na tangu siku hiyo mtaa mzima huchota hapo bure. Mzee Abass alipofariki, Bi Semeni alikitunza kile kisima kama kaburi na kama mtoto kwa pamoja. Alikifagilia pembeni kila asubuhi. Ukimsifia wali wake atakushukuru, lakini ukimsifia maji yake atakukaribisha ndani. Kwa hiyo Amour alipomweleza mkewe alichoambiwa dukani, Tausi aliinuka akafunga mlango.

"Sema lolote juu ya mama, nitakuombea radhi," alisema. "Juu ya kisima usiseme."

Wakakubaliana kwamba jambo hili litatafutiwa dawa kimya kimya.

Dawa ya kwanza ilikuwa dumu. Amour alijaza maji ya bomba huko Ngamiani, ambako alikuwa akinyoa miaka yote bila shida, akalifunga nyuma ya pikipiki katikati ya madeli. Povu lilipatikana, lakini kizibo cha dumu kilikuwa hakibani vizuri, na safari nzima maji yale yalikuwa yamekaa na pweza. Siku hiyo Amour alishinda akifuatwa na paka. Alipoketi barazani walikuja wakaketi naye, wakimtazama mashavuni.

Dawa ya pili ilikuwa dafu. Sijui nani alimpa wazo hilo; mwenyewe husema alilipata usingizini. Alikwenda nyuma ya minazi, akapasua dafu, akakorogea sabuni humo. Uso ulinata mpaka adhuhuri, nzi wakamfanya nyumbani kwao, na kesho yake brashi ilikutwa imejaa sisimizi. Bahati mbaya Uweso alikuwa akipita njia ile, akamwona mtu mzima anajipaka dafu usoni mbele ya kioo. Habari hiyo ilifika mnadani kabla Amour hajamaliza shavu la pili.

Kisha mvua ikanyesha, na Amour akaweka ndoo chini ya mfereji wa bati. Siku hizo chache zilikuwa raha tupu. Povu la maji ya mvua lilisimama kwenye brashi kama kilemba, na wembe ulipita bila sauti. Tausi akamshika shavu akacheka. Mvua ikakatika.

Hapo akanunua dumu jipya, lenye kizibo cha kukaza, akalibeba mbele kwenye tangi mbali na pweza. Akilifikisha nyumbani alilizungushia kanga kuukuu, akalifunga kamba, akalisukuma chini ya kitanda. Alinyoa chumbani mlango umefungwa, maji machafu akayamwaga kwa siri nyuma ya choo. Vipele vikapona. Bi Semeni mwenyewe alimwambia Tausi kwamba naona mkwe wangu ameanza kuzoea hewa ya Kigombe.

Mambo yangeendelea hivyo kama si kuku. Bi Semeni alikuwa na tetea mwenye tabia ya kutagia pasipotakiwa, na siku moja, Tausi akiwa ameenda kuchukua unga na Amour akiwa mjini, mama alimfuata kuku huyo mpaka chini ya kitanda cha maharusi. Mayai hakuyaona. Aliona kitu kimefungwa kwa kanga na kamba. Akakivuta. Akafungua. Akanusa, hakusikia harufu. Yalikuwa maji matupu, yamefichwa.

Kwetu huku, Mpemba na maji yaliyofichwa ni vitu viwili visivyotakiwa kukutana chini ya kitanda kimoja. Hakuna anayeweza kueleza kwa nini. Ni maneno tu ya watu juu ya uchawi, na Wapemba wenyewe huyacheka. Lakini Bi Semeni hakuwa na hali ya kucheka. Alikumbuka dafu nyuma ya minazi. Alikumbuka paka. Alikumbuka kwamba mlango wa chumba hufungwa kila asubuhi. Akamwita Uweso.

Uweso alisimama mlangoni, hakuingia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alishauri maji yale yasimwagwe uani kwa hali yoyote. Wakayapeleka njia panda, Uweso akiwa amelishika dumu kwa ncha za vidole, wakayamwaga huku wakisoma kila walichokikumbuka. Dumu lenyewe wakalirudisha liwe ushahidi. Kisha Bi Semeni akampigia simu kaka yake, Massoud, aliyeko Ushongo, akamwambia aje Ijumaa, kuna jambo la familia ambalo halisemeki kwenye simu.

Amour alirudi jioni akakuta chini ya kitanda patupu. Alimuuliza Tausi, Tausi hakujua. Usiku ule walilala wakiwa wametazama dari. Bi Semeni hakuwagombeza. Aliitikia salamu, akapakua chakula, lakini kila alichotaka kumwambia mkwewe alimwambia paka mmoja wa wale wa barazani.

Ijumaa baada ya swala wakaketi kwenye mkeka barazani. Mjomba Massoud alichagua mahali mbali kidogo na Amour, karibu na ngazi. Uweso alikuwepo kama shahidi. Dumu lilikuwa katikati ya mkeka, limepinduliwa. Amour aliamkia, wakaitikia, na mjomba akasoma dua ndefu kuliko ilivyozoeleka.

"Hili dumu unalijua?" aliuliza mwishowe.

"Nalijua, mjomba. Ni langu."

"Lilikuwa na nini?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

Amour alilitazama lile dumu. Baadaye alitusimulia kwamba pale mkekani aliona njia mbili tu, zote mbaya. Akisema kweli, atakuwa amelitukana jasho la marehemu mbele ya mjane wake. Akinyamaza, atakuwa mchawi. Alifikiria kwa dakika nzima kama kuwa mchawi kuna ubaya gani, maana angalau ni jambo lisilohusu kisima. Lakini alimtazama Tausi, akamwona ameng'ang'ania ncha ya mkeka.

"Ya kunyolea ndevu," alisema.

Uweso alikohoa. Mjomba Massoud alimtaka mkwe asifanye mzaha na watu wazima. Alitaka kujua ni mtu gani mwenye akili timamu anayebeba maji ya kunyolea kutoka Tanga mjini kuyaleta kwenye nyumba yenye kisima, tena ayafunge kwa kanga na kamba. Amour akainamisha kichwa. Hapo Tausi akasema yeye.

"Mama, maji ya baba hayatoi povu."

Bi Semeni alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, si kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Baba yako alishinda ndani ya shimo lile mpaka mikono ikamtoka ngozi," alisema polepole. "Leo hayafai hata kunyolea."

Tausi akalia. Amour akaanza kueleza, maneno yakamchanganyikia: sabuni, wembe, Asheri ambaye hakusema, mvua, dafu. Mjomba Massoud aliona kikao kinamponyoka, akaamuru jambo hili lijaribiwe mbele ya wote. Akaletewa kikombe, brashi, sabuni na maji yaliyotoka kisimani muda ule ule. Alikunja mikono ya kanzu, akasugua kwa bidii kubwa. Nadhani alikuwa anaona raha. Akasugua tena. Kikatoka kitu kama uji wa juzi.

"Haya," alisema. "Sasa leteni hayo maji ya mjini tulinganishe."

Wote wakamgeukia Uweso. Uweso akaitazama njia panda.

Ikawa hakuna ushahidi. Bi Semeni alisema sabuni yenyewe ndiyo mbovu, akainuka, akaenda kupakua, kwa sababu mgeni aliyetoka Ushongo hawezi kurudi na njaa kwa sababu ya ndevu za mtu. Walikula wali na pweza wa nazi, na kwa kuwa chakula kilikuwa kizuri hakuna aliyezungumza.

Baada ya kula, mikono ya mjomba ilikuwa imejaa tui. Tausi, macho bado mekundu, akaleta bakuli na kata ya maji, akammiminia. Mjomba akachukua sabuni iliyokuwa karibu, ambayo ni ile ile ya kunyolea iliyobaki mkekani, akaanza kunawa. Povu likajaa mikononi. Likapanda mpaka kwenye vifundo, jeupe, zito, likajaza bakuli. Mjomba akaacha kusugua akabaki ameinua mikono, kama mtu aliyeshika kitoto kichanga na hajui amkabidhi nani.

"Haya maji ni ya wapi?" aliuliza.

Bi Semeni akajibu kutoka jikoni kwamba ni ya kisimani, ya wapi tena. Aliyachemsha tangu alfajiri kwenye sufuria kubwa kwa ajili ya chai ya mgeni, yakabaki, yakapoa. Kisha akatoka mwenyewe kuona kinachoulizwa.

Wakaenda jikoni wote. Sufuria lilikuwa juu ya jiko lililozimika, maji yake yametulia na kung'aa. Chini kabisa palikuwa na unga mweupe, kama mtu ametikisa kipande cha chokaa humo. Amour akachukua kata akitaka kuchota, Bi Semeni akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza juma lile kumwambia neno yeye mwenyewe bila kupitia kwa paka.

"Usikoroge. Chota juu kwa juu."

Alichota juu kwa juu. Akamwomba mjomba ruhusa, maana si adabu mkwe kunyoa mbele ya wakubwa, na mjomba akatoa ruhusa upesi kabla hajamaliza kuomba. Amour akalowesha brashi ikae kidogo ndani ya maji, akaikung'uta, akaisugua kwenye sabuni, kisha akaongeza maji tone kwa tone. Lilikuja povu lile la siku za mvua. Akajipaka. Uweso alisogea karibu mno mpaka akaambiwa arudi nyuma.

Lakini wembe ulipogusa shavu, ukakwaruza. Amour akajaribu tena, ukakwaruza tena. Povu lilikuwa zuri, chuma kilikuwa kilekile. Akaona uso wa mama mkwe wake unaanza kufunga upya.

Bi Semeni akaichukua ile mashine kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye ukoko mweupe uliokuwa mdomoni mwake. Kisha akafunua kifuniko cha birika lake la chai, akautazama ukoko wa ndani, akaitazama tena mashine.

"Hii si kutu," alisema. "Hii ni ya birika."

Hakutaka kusaidiwa. Alikamulia ndimu kwenye kikombe, akatia maji moto kidogo, akaitumbukiza mashine humo. Viputo vidogo vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye ukoko. Ndivyo alivyolisafisha birika lake miaka yote, alisema, na kama mtu angemuuliza angemwambia, lakini watu wa siku hizi hawaulizi, wanafunga vitu kwa kanga. Baada ya muda akaisugua kwa mswaki mkuukuu, akaisuuza kwa maji yaliyochemshwa, akaikausha kwa kitambaa na kumrudishia. Akamwambia pia akome kuiacha na majimaji usiku kucha, maana maji yakikauka yanaacha chokaa yake palepale kwenye makali.

Amour akatia wembe mpya, akanyoa. Hakukusikika hata mkwaruzo. Alipomaliza, mjomba Massoud alimpitishia kiganja shavuni, mbele ya watu wote, akatikisa kichwa kama mnunuzi aliyeridhika na mbuzi.

Sasa kila mtu alimtazama Bi Semeni. Yeye alikuwa ametoka nje akasimama kando ya kisima, ameegemea ukingo wake.

"Kisima hakina neno," alisema. "Ninyi mlikuwa mnayatumia mabichi."

Ndivyo ilivyoamuliwa, na mpaka leo hakuna aliyekata rufaa. Uweso alitakiwa amwombe radhi Amour, akaiomba, akaongeza kwamba hata hivyo lile dafu hajalielewa. Bi Semeni yeye hakuomba radhi kwa maneno. Kesho yake asubuhi Amour alikuta dumu lake mlangoni mwa chumba, limeoshwa nje na ndani, limejazwa maji yaliyochemshwa na kutulizwa, na juu ya kizibo pamefunikwa kitambaa safi.

Tangu hapo sufuria la alfajiri halikutoka jikoni. Habari zilipoenea, wanaume wa mtaani walianza kujileta siku za Ijumaa na vikombe vyao, na Bi Semeni akawapimia kwa kata huku akiwaonya wasikoroge. Asheri alianza kuuza ndimu kando ya nyembe. Na mtu akiropoka kwamba maji ya pale ni magumu, Bi Semeni humjibu kwamba hata mchele ni mgumu ukiula kabla haujaiva.

Asubuhi moja, Amour ananyoa uani waziwazi, bila mlango wa kufunga, Bi Semeni alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua mchele. Alimtazama kwa muda. Halafu akamwambia kwamba marehemu mumewe alipomwoa hakuwa na ndevu hata moja. Alikuwa na uso laini, wa kuonea fahari. Mwaka aliomaliza kisima ndio mwaka alioacha ndevu ziote. Alimwambia mkewe anafuata sunna, na Bi Semeni akampenda zaidi kwa hilo.

"Sasa sijui," alisema.

Amour aliushusha wembe. Alijua ameulizwa swali, na alijua kuwa halikuwa swali la maji.

"Huenda yalikuwa yote mawili, mama," alisema.

Bi Semeni akalifikiria jibu hilo, vidole vyake vimesimama juu ya ungo. Kisha akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu mpaka ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika miguuni. Alisema yule mtu alikuwa na aibu sana. Angeweza kufuga ndevu mpaka magotini kuliko kukubali mbele yake kwamba kisima kilichomtoa ngozi kimemshinda kwa sabuni. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akamhimiza Amour amalize upesi, kwa sababu wavuvi walikuwa wameshafika pwani na pweza hamsubiri mtu mwenye povu usoni.